Dhahabu Haijamkomboa Mtu: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Waamini wa Shinyanga na Geita

Mtume Petro, katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza, anawaambia wasomaji wake kwamba fedha na dhahabu ni vitu vya kuharibika, navyo havikuhusika katika kukombolewa kwao. Gharama ilikuwa damu ya Kristo. Mkristo wa mbali na migodi anaweza kuupita mstari huo bila kusimama. Mtu wa Nyarugusu, Rwamagasa, Katoro, Kakola au Mwakitolyo hawezi, maana kwake dhahabu hununua kiwanja, pikipiki, ng'ombe wa mahari na heshima mbele ya wakwe. Wengi wanaamini hununua hata kinga ya roho.

Injili haikufika huku jana. Misheni ya Nassa, kando ya ziwa, ilikabidhiwa na Church Missionary Society (CMS) kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutokana na kazi hiyo tumepata Africa Inland Church Tanzania (AICT) yenye sharika vijijini na hospitali ya Kolandoto. Wakatoliki wana majimbo matatu, Shinyanga, Kahama na Geita. Walutheri wana dayosisi. Wapentekoste wanafungua kanisa la maturubai kabla rashi ya dhahabu haijatimiza mwezi. Makanisa tunayo. Tunachokosa ni watu wanaosadiki kwamba upatanisho umekwisha kufanyika na hauna salio la kulipwa. Kwa hiyo naandika kwa ukali, na ninaowaandikia ni waliobatizwa.

Usishushe damu yoyote kwenye duara.

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likikaa miezi bila kutoa, mwenye duara huanza kusikiliza kila mshauri. Mmoja atamwambia ardhi imekasirika. Mwingine atamtajia mganga. Mganga ataanza na kuku, kisha mbuzi mweusi, na wapo ambao hawakuishia kwa mbuzi. Katika miaka iliyofuata 2006, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa, na miongoni mwa walionunua "dawa" hizo walitajwa watu waliosaka bahati ya madini na ya samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa kienyeji. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Watoto wengine walikusanywa Buhangija, mjini Shinyanga, wakalala bwenini mbali na mama zao kwa sababu nyumbani hapakuwa salama.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 na ya 10, unashikilia hoja moja. Makuhani wa kale walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile, na kule kurudia kulikuwa ushahidi kwamba kazi haijaisha. Kristo alijitoa mara moja, kisha akaketi. Anayechinja kuku kwenye mdomo wa duara anatangaza kwa kisu chake kwamba Kristo bado amesimama na bado anahitaji msaidizi. Usijitetee kwamba ni kuku tu, kwamba ni mila, kwamba vijana watagoma kushuka bila kafara. Wakigoma, wana sababu ya kuogopa: kuna mwamba juu ya vichwa vyao. Badilisha matimba, magogo ya kushikilia kuta, yaliyooza. Nunua kamba mpya. Hela uliyotenga kwa mganga inatosha kuanzia.

Na ukiwa mwanakwaya, mzee wa kanisa au katekista unayejua duara lililopigwa damu, ukaendelea kupokea mgawo wa mawe yake huku umenyamaza, jina lako liko kwenye kafara hiyo.

Usitafute mtu wa kubebeshwa.

Mambo ya Walawi, sura ya 16, inaeleza siku ya upatanisho. Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa. Wa pili Haruni alimwekea mikono kichwani, akakiri juu yake makosa ya watu wote, kisha akapelekwa jangwani. Wahubiri wetu humtaja sana wa kwanza na kumsahau wa pili, na huyo wa pili ndiye tunayemtafuta vijijini kila msiba unapoingia. Mtoto amekufa kwa homa, ng'ombe wamekufa, duara limebomoka: ukoo unaketi kutafuta kichwa cha kuwekea mikono. Usukumani kichwa hicho mara nyingi kimekuwa cha bibi mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mpiga ramli hahitaji hata kutaja jina. Anasema ni mtu wa karibu, ni mwanamke, ni mkubwa kwa umri, na usiku mapanga yanafika.

Serikali imepiga marufuku ramli chonganishi. Vizuri. Lakini kanisa lina neno zito kuliko marufuku, nalo halilisemi inavyotakiwa. Upatanisho maana yake mbuzi wa kubeba amekwisha kupatikana. Lawama za dunia zilimwangukia Mmoja, zikampeleka nje ya mji, naye hakuwa na kosa. Ukimwamini huyo, umepoteza haki ya kumtafuta mwingine. Mkristo anayechanga hela ya mpiga ramli, au anayeinamisha kichwa kwenye kikao cha ukoo jina la bibi linapotajwa, ameikana Ijumaa Kuu, hata akishinda amefunga mwezi mzima.

Simama kwenye kikao. Sema wazi kwamba bibi hajaua mtu. Nenda ukae kwake, wewe na vijana wa kanisa, na utoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi kabla jua halijazama. Mchungaji au padri asiyeweza kwenda nyumbani kwa mjane anayetishiwa asipande mimbarani kuhubiri msalaba.

Pokea kwanza. Usianze kulipa.

Soma Warumi 3 na 4 polepole, ukiwa na mtu mwingine. Paulo anawaweka wote kwenye kundi moja la wakosaji, Myahudi na asiye Myahudi, kisha anasema haki ya Mungu inatolewa bure kwa anayemwamini Yesu. Ushahidi anaouleta ni Ibrahimu. Tazama mpangilio wa sura: Ibrahimu anahesabiwa haki katika Mwanzo 15, anatahiriwa katika Mwanzo 17. Mungu hakungoja alama mwilini, wala sadaka, wala mwenendo uliokamilika. Alimhesabia haki mtu aliyeamini ahadi.

Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Geita, walikomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa kwa kulipa bei iliyotajwa. Mtoto hakuchangia kitu. Hakuwa na kitu. Alichofanya ni kuondoka na aliyemlipia. Hivyo ndivyo Paulo anavyotaka tuielewe imani: ni kuondoka na yule aliyelipa. Kwa hiyo imani yenyewe isigeuzwe kuwa malipo mapya. Nawaonya hasa wale wanaomwambia mgonjwa au mchimbaji aliyefilisika kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Ibrahimu alicheka mbele za Mungu, akaogopa, akamwita mkewe dada, na bado alihesabiwa haki, kwa sababu nguvu ilikuwa kwa aliyeahidi.

Usinunue mafuta, maji, udongo wala leso.

Simoni wa Samaria alitaka kununua kwa fedha kile ambacho mitume walikuwa nacho, na Petro alimkemea akamtaka atubu (Matendo 8). Mwaka 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya rehema huko Wittenberg kwa sababu hiyohiyo. Leo chupa ya mafuta ya upako inauzwa kwa mchimbaji asiye na nauli ya kurudi Kahama, na anaambiwa atoe "sadaka ya kujimaliza" ili laana ya ukoo ikatike. Wagalatia 3 inasema laana hiyo Kristo aliibeba mtini. Anayeiuza upya anauza kitu kilichokwisha kuondolewa, na serikali ingeita kitendo hicho utapeli kama bidhaa ingekuwa dhahabu feki. Ukimwona nabii anapima upako kwa ukubwa wa bahasha, ondoka kwenye ibada hiyo. Usingoje baraka ya mwisho.

Toa sadaka, lakini iwe ya shukrani. Usiitaje mbele za Mungu kama hoja.

Usisome hukumu ya Mungu kwenye kifusi.

Hili nalisema kwa wanaokwenda misibani. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, uliwafukia watu 25. Ndugu walikaa juu ya ardhi siku baada ya siku wakisubiri. Katika misiba ya namna hii huwa hakosekani mtu wa kunong'ona: walikuwa wamekula kiapo, walishuka bila kuomba, mmoja wao alikuwa na dhambi na wenzake wakaponzwa. Maneno hayo huvaa Ukristo na kuitwa ufunuo.

Yesu aliligusa swali hilohilo. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka Yerusalemu na kuua watu 18, naye mwenyewe aliutaja mbele ya wasikilizaji wake. Katika Luka 13 anakataa katakata kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa mji, kisha anawageukia wasikilizaji na kuwataka watubu wao. Hilo ndilo agizo. Ajali ya mgodi ikitokea, swali la toba linaelekezwa kwa walio hai, na la kwanza kabisa linaelekezwa kwa aliyejua kuta zimelegea akaendelea kuteremsha watu.

Usifanye pia kosa la upande wa pili. Novemba 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilishukuru, na ilistahili kushukuru. Lakini aliyetoka hai hakuwa na haki zaidi ya aliyefia shimo la jirani. Haki mbele za Mungu haisomwi kwa nani alitoka na nani alibaki. Mjane wa mchimbaji hadaiwi maelezo ya kiroho. Mpikie, mchotee maji, hakikisha wenye duara wamemlipa mafao yake, na ukiwa huna cha kusema, kaa naye kimya.

Kiri dhambi kwa jina lake.

Mtoza ushuru katika Luka 18 hakutaja shetani, jirani wala mabibi na mababu. Aliomba rehema kwa ajili yake mwenyewe, akaenda nyumbani amehesabiwa haki. Mikutano yetu ya maombezi imejaa watu wanaotubu dhambi za babu wa tatu huku wameficha zao za wiki iliyopita. Sema: nimeiba mawe. Nimezini. Nimemkana mtoto wangu niliyemzaa Katoro. Kristo hakumfia mtu wa kufikirika.

Lipa unachodaiwa kabla ya kutoa ushuhuda.

Hapa wengi watakasirika, na wakasirike. Kuna mtu anaitwa mbele kanisani, anashika kipaza sauti, anasema ameokolewa kwa neema wala si kwa matendo, na waliokaa nyuma ni vijana aliowadhulumu mifuko yao ya mawe. Mawe yalipotoka aliwapigia hesabu ya chakula, ya mafuta ya jenereta na ya kamba, hadi mgawo wao ukaisha. Wapo akina mama wa mwalo walioosha dhahabu yake wakiwa na zebaki mikononi, bila glavu, na ujira wao umebaki "kesho". Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio hicho kimemfikia Bwana.

Watu hukimbilia kusema kwamba Paulo na Yakobo wanapingana. Hawapingani juu ya huyu mwenye kipaza sauti. Paulo anamwambia kwamba kulipa mifuko hakutamnunulia haki. Yakobo anamwambia kwamba imani isiyomfanya alipe ni maiti. Zakayo, ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya watu kwa hesabu, alipokelewa kwanza: Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti. Kisha, akiwa ameshapokelewa, alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Fuata utaratibu huo na usiubadilishe upande wowote.

Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walilijua hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda na kuingia Bukoba, ulihubiri damu ya Yesu kuliko jambo jingine lolote, na Walokole, wafuasi wake, waliolia kwa furaha ya msamaha ndio haohao waliokwenda mlango kwa mlango kurudisha vitu walivyoiba. Hakuna aliyewaambia kwamba kurudisha jembe ni kutafuta wokovu kwa matendo. Leo tuna soko rasmi la madini Geita tangu Machi 2019, lenye mizani na risiti, na bado ndugu anaona aibu kumpa kibarua wake karatasi ya hesabu. Mwandikie. Mlipe mbele ya mashahidi. Ushuhuda wako utasikika vizuri zaidi baada ya hapo, na huenda usihitaji kipaza sauti.

Usijivunie chupa usiyoigusa.

Makanisa ya kwetu yanafundisha watu wasinywe, wasicheze ngoma za matambiko, wasioe wake wengi, wasiendekeze kamari. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Nimeona nyumba zilizookolewa nayo. Ugomvi wangu ni na muumini anayeyaleta mbele za Mungu kama vocha. Farisayo wa Luka 18 hakusema uongo hata mmoja. Alifunga kweli, alitoa zaka kweli. Akaondoka bila haki. Na wewe mzee wa kanisa, unapomtenga binti aliyepata mimba na kumwacha kijana wa mwenye duara aendelee kukusanya sadaka, usiseme unalinda utakatifu.

Usimtukane Mkatoliki, usimtukane Mlutheri.

Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri kwa sauti moja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, bila stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Tofauti zimebaki, na watu wazima wanaweza kuzizungumza bila matusi. Anayesimama sokoni Katoro akisema Wakatoliki wote wanafundishwa kununua mbingu, au kwamba Walutheri wanafundishwa kutenda dhambi wapendavyo, anashuhudia uongo.

Februari 2023 kijana aliingia usiku katika Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita akaharibu vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa, na lilifunguliwa mwezi Machi baada ya sala za toba na malipizi. Nilisikia Waprotestanti wakibeza kwamba Wakatoliki wanamlipa Mungu fidia. Wangeuliza kwanza. Malipizi hayaongezi kitu kwenye msalaba; ni upendo unaohuzunika pamoja na aliyekosewa, ukimtegemea yeye aliyekwisha kulipa. Mtu anayeuza mafuta ya upako mtaani kwake hana pa kusimama kuwabeza.

Usimfiche mwuaji kwa jina la msamaha.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo gumu, na kwa sababu wachungaji huniuliza faraghani. Itakuwaje mtu akija usiku na kusema: mimi ndiye niliyewatuma wale vijana kwa bibi, au, mimi nilinunua kiungo cha mtoto, na duara likatoa? Je, damu ya Kristo inamfikia?

Inamfikia. Usipunguze hapo hata kidogo. Paulo aliyeandika Warumi alikuwa ameridhia kuuawa kwa Stefano, na mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakupata muda wa kutenda jema hata moja. Ukimwambia mtu huyu kwamba kosa lake limezidi msalaba, unahubiri msalaba mdogo, na utamrudisha kwa mganga akatafute damu ya kufunika damu.

Lakini usimwambie kwamba yamekwisha. Kuhesabiwa haki mbele za Mungu hakufuti jalada lililoko kituo cha polisi, wala hakumrudishii mama mtoto wake. Yule mhalifu msalabani alikubali kwa kinywa chake kwamba adhabu aliyopewa ni halali yake, na ahadi ya peponi haikumteremsha. Kama amekuja kwako katika kitubio, padri amefungwa na siri. Basi na amhimize kwa nguvu zote aende mwenyewe. Kama wewe ni mchungaji au mzee wa kanisa, usimwekee ulinzi, usimtafutie mkoa wa kuhamia, usipokee sadaka yake ya shukrani. Omba naye usiku huo mpaka aelewe kwamba amesamehewa. Asubuhi vaa viatu, mshike mkono, mwende pamoja kituoni, ukae naye anapoandika maelezo. Akipelekwa mahabusu mpelekee chakula na Biblia. Kisha nenda kwa mama wa marehemu, usimwombe asamehe chochote, umuulize anahitaji nini.